Kabla hujanunua betri ya tochi Kariakoo, pitia kwenye mzani

Mwaka jana, bumu lilipoingia tu, nilipanda mwendokasi mpaka Msimbazi kutafuta tochi ya kwenda nayo kwenye mafunzo kwa vitendo. Nilikuwa nimepangiwa sekondari moja wilayani Kilwa, na waliotutangulia walishatuambia kwamba umeme wa kule unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Kwenye vichochoro vya jirani na mtaa wa Aggrey nikapata tochi nzito ya bati gumu, ya nguvu kweli, na betri ya kuchaji iliyoandikwa 9900mAh kwa maandishi ya dhahabu. Betri peke yake shilingi 4,000. Nikajiona mjanja wa mjini.

Wiki ya pili huko shuleni, usiku, matroni akagonga mlango. Binti wa kidato cha pili ana homa kali, na zahanati ni mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu. Tochi iliwaka vizuri, mwanga mweupe unaofika mbali. Baada ya dakika 15 hivi ikapepesa, ikafifia, ikazima. Njia iliyobaki tuliimaliza kwa mwanga wa simu ya matroni, yenyewe chaji imebaki kidogo, binti tumemshika huku na huku. Alitibiwa, akapona, na baadaye alinicheka darasani. Mimi nilibaki na swali la aibu kwa mtu anayesomea ualimu wa fizikia: zile 9900 zilikwenda wapi?

Tuanze na jina, maana jina ndilo la kweli pekee kwenye betri nyingi za pale. Betri ninayoizungumzia huitwa 18650: upana milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho inasema umbo lake ni mcheduara. Kaka yake, 21700, ana upana wa milimita 21 na urefu wa 70. Tochi imetengenezwa kwa mojawapo, kwa hiyo angalia kwanza ilivyoandikwa ubavuni, usije ukalazimisha. Zote ni za lithiamu, aina ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo wagunduzi wake watatu walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2019. Kila moja ina wastani wa volti 3.6 au 3.7. Ikijaa inasoma 4.2, na ikishuka kufikia 3 hivi chaji karibu yote imeshaisha.

Sasa zile mAh. Miliampea-saa ni kipimo cha chaji: betri ya 3000mAh inaweza kutoa ampea 3 kwa saa moja, au ampea 1 kwa saa tatu. Ukizidisha kwa volti unapata nishati. Betri halisi ya 3400mAh ina 3.4 × 3.6, yaani kama wati-saa 12. Hiyo tayari ni kazi nzuri ya kiwandani. 18650 bora za kawaida zinaishia karibu 3,500, na chache mpya sana zinakaribia 4,000. 21700 inafika 5,000 bila shida kwa sababu ina nafasi zaidi. Anayekuuzia 18650 ya 9,900 anadai kwamba ndani ya kopo lilelile amebana nishati karibu mara tatu ya wanachoweza Samsung na Panasonic. Angekuwa na uwezo huo asingekuwa anauza kwa buku nne kichochoroni, angekuwa anauza magari ya umeme.

Hapo ndipo mzani unapoingia. Nishati haikai hewani, inakaa kwenye metali na kemikali zilizokunjwa ndani ya kopo, na hizo zina uzito. 18650 halisi ina gramu kama 45 mpaka 50. 21700 iko karibu na gramu 70. Niliporudi Dar niliibeba ile betri yangu mpaka kwa mama mmoja anayeuza iliki na karafuu Kariakoo, mwenye mzani wa kidijitali.

"Shikamoo mama. Naomba unipimie hiki."

"Marahaba. Ndiyo dawa gani hiyo, mwanangu?"

Gramu 28. Mama hakuelewa kwa nini nimekaa kimya. Betri za namna hii zimewahi kupasuliwa na watu sehemu mbalimbali duniani, wakakuta kibetri kidogo kimewekwa ndani ya kopo kubwa na nafasi iliyobaki imejazwa unga. Fundi simu mmoja aliniwekea yangu kwenye chaja inayohesabu chaji. Ilitoa mAh 812 na kusimama.

Mzani unakamata feki nyingi, ila sio zote, na hata betri halisi inaweza kuwa mbaya kwa tochi yako. Hili ndilo wengi hatulijui. Tunauliza "ina mAh ngapi?" wakati swali la kwanza kwa tochi ya nguvu ni "inatoa ampea ngapi?"

Chukua tochi inayokula wati 30 ikiwekwa kwenye mwanga wa juu kabisa. Gawanya kwa volti 3.6: inadai zaidi kidogo ya ampea 8 kutoka kwenye betri moja. Panasonic NCR18650B ni betri nzuri ya 3400mAh, lakini imetengenezwa kutoa ampea kama 5 tu bila kuumia. Samsung 30Q ina 3000mAh, pungufu kwa namba, lakini inatoa ampea 15. Samsung 25R ina 2500 na inatoa 20. Kwenye 21700 ni vilevile: Samsung 50E ina 5000mAh na inaishia karibu ampea 10, wakati Molicel P42A ina 4200 na inafika 45. Mtengenezaji anachagua. Akitaka mkondo mkubwa inabidi tabaka za ndani ziwe nyembamba na metali ya kupitisha umeme iwe nyingi, na nafasi hiyo inatoka kwenye chaji. Kwa hiyo kwa tochi ya wati 30 mimi nachukua 30Q kabla ya ile ya 3400. Kwa tochi ndogo ya kusomea inayokula ampea 1 au 2, hapo chukua yenye mAh nyingi, utakaa nayo muda mrefu.

Ukinzani wa ndani tulioukariri kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne unaonekana hapa waziwazi. Betri mpya ya mkondo mkubwa ina ukinzani wa kama omu 0.02. Ampea 8 zikipita, volti zinazopotea ndani ni 0.16, hutaona tofauti. Betri iliyochoka inaweza kufika omu 0.1. Ampea zilezile 8 zinapoteza volti 0.8, na betri iliyokuwa na 3.7 inabaki na 2.9, wakati taa nyeupe ya LED inahitaji kama 3 ili iwake sawasawa. Ndiyo maana tochi inazima, ukisubiri kidogo inawaka tena, halafu inazima. Na joto? Ampea kwa kipeo cha pili mara ukinzani: 64 × 0.1, wati 6.4 zinazopikwa ndani ya betri uliyoishika mkononi. Kwa ile mpya ni wati 1.3 tu.

Betri zilizochoka zimejaa sokoni kwa sababu zinatolewa kwenye betri za laptopu zilizokufa, zinavishwa ganda jipya la plastiki, zinapangwa mezani kama zimeshuka jana kutoka kiwandani. Sisemi zisiguswe. Nyingi zina mAh halisi na zinafaa kwenye redio au taa ndogo. Kwa tochi ya nguvu, hapana. Tazama vichwa vyake: ukiona alama za kuchomelea zilizokwanguliwa, ujue ilishaishi mahali pengine. Mwombe fundi mita. Ikisoma chini ya volti 2, iache hapohapo hata akikupa bure. Betri ya lithiamu iliyolala tupu inaharibika ndani, na ukiichaji inaweza kupiga shoti yenyewe kwa yenyewe.

Suala la urefu linasumbua pia. Betri zenye ulinzi zina kisahani cha sakiti kitakoni kinachokata umeme chaji ikizidi au ikiisha sana. Kisahani hicho, pamoja na kichwa kilichochomoza, huongeza milimita 3 mpaka 5, na kuna tochi hazifungi. Wenye kampuni kubwa, Samsung na LG, wanasema wazi kwamba betri zao tupu hazikukusudiwa kuuzwa mojamoja mkononi mwa mtu, kwa sababu hazina ulinzi huo. Ukinunua tupu, basi ulinzi ni wewe: chaja inayokata yenyewe kwenye 4.2, na kuiondoa ikishajaa. Mabwenini kwetu kuna watu wanachaji betri kwa nyaya mbili zilizounganishwa na chaja ya simu, zinaachwa usiku kucha juu ya godoro. Ndugu zangu, chumba kina watu sita na mlango mmoja.

Usiitie mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Ganda likichanika hata kidogo pale juu, karibu na kichwa, livishwe jingine kabla hujaitumia, kwa sababu kopo lote ni hasi na chanya iko milimita chache tu kutoka hapo. Na kwa tochi ya betri mbili zinazofuatana, nunua mbili za aina moja siku moja na zizeeke pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile dhaifu inaisha kwanza, mpya inaendelea kuisukumia mkondo hata ikiwa tupu.

Mwezi uliopita nilirudi kwa muuzaji mwingine, mzani mdogo nikiwa nao kwenye begi. Alicheka sana, "mwalimu umekuja kununua betri au nyama?", lakini aliniacha nipime. Nilichukua 30Q mbili, gramu 46 na 46, shilingi 12,000 kila moja. Moja niliiweka kwenye kijisanduku cha plastiki nikampa dereva wa basi la kusini ampelekee matroni. Jioni ya pili yake akanipigia simu kushukuru, halafu akauliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kuniumiza: "Mwalimu, hii wameandika 3000 tu. Ile ya kwanza si ilikuwa 9900? Hawajakupunja kweli?"