Mukono unaotetemeka: ugonjwa wa Parkinson na dawa za shamba



Wengi wetu tunajua muzee ambaye mukono unatetemeka akiwa amekaa tu. Anatembea hatua fupi-fupi, uso wake umekuwa mugumu, sauti imepungua. Watu wanasema amelogwa, ama ni pombe. Lakini inaweza kuwa ugonjwa wa Parkinson, jina la dokta Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817. Hauambukizi. Kula naye sahani moja bila woga.

Ndani kabisa ya ubongo kuko chembe ndogo zinazotengeneza dopamini, kitu kinachosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Katika ugonjwa huu chembe hizo zinakufa pole pole. Siku mukono unaanza kutetemeka, nyingi zimekwisha kufa, kumbe ugonjwa uko na miaka. Hata mbele ya hapo kunaweza kuwa dalili: mutu hasikii tena harufu ya chakula, anakosa choo siku nyingi, anapiga kelele na mateke akiwa ndotoni.

Kisha upande mumoja wa mwili unaanza. Mukono unatetemeka ukiwa umepumzika, na unatulia kidogo akishika jembe. Kufunga vifungo vya shati kunachukua muda. Viungo vinakaza. Nyuma ya miaka upande wa pili nao unafuata, halafu anaanguka-anguka, kumeza kunakuwa shida, na wengine wanasahau. Kama mukono unatetemeka hasa wakati wa kushika kikombe, inaweza kuwa ugonjwa mwingine.

Unatoka wapi? Uzee kwanza: wengi wanapatwa nyuma ya miaka 60. Mara zingine iko katika jamaa. Na tena kuko dawa tunazopuliza. Parakwati, dawa ya kuua majani ambayo kwenye etiketi inaandikwa PARAQUAT, imekatazwa katika Umoja wa Ulaya tangu 2007. Ufaransa, mwaka 2012, serikali ilikubali Parkinson kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima waliofanya kazi na dawa za shamba miaka 10 ao zaidi. Si kila anayepuliza atapatwa, lakini hatari inaongezeka.

Msiseme: sisi tunatumia dawa ya asili tu. Majani ya utupa, yale ya kulevya samaki, iko na rotenone, na watafiti wanatumia rotenone kuwapa panya dalili za ugonjwa huu. Kwa hiyo hata ukitwanga utupa wa kupulizia maharagwe, vaa ganva na usichanganye kwa mukono mutupu. Pompi inayovuja mugongoni itengenezwe mbele ya kwenda shambani, si kesho. Nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto. Bidoni ya dawa isirudi nyumbani kuweka mafuta.

Dawa ya kuponyesha kabisa haijapatikana. Kidonge cha levodopa kinarudisha mwendo kwa miaka, ingawa nguvu yake inadumu saa chache zaidi kadiri ugonjwa unavyoendelea. Hapa wakulima wa mukuna watauliza, maana mbegu za mukuna, ile tunayopanda kurudisha nguvu ya udongo, iko na levodopa kweli. Lakini kipimo kinabadilika mbegu kwa mbegu: muzee anaweza kutapika, kushuka tansio na kuanguka, ao kuchanganyikiwa. Musimutwangie.

Mukienda kituo cha afya, bebeni dawa zote anazomeza. Dawa fulani za wagonjwa wa akili, na metoklopramide ya kuzuia kutapika, zinaweza kuleta dalili zile zile, na mara nyingi zinapungua dawa ikiachwa kwa shauri la munganga. Aliyeandikiwa levodopa asiikate kwa rafla. Wengi inawasaidia zaidi wakiimeza nusu saa mbele ya kula, kwa sababu nyama, samaki na maharagwe vinaweza kupunguza kazi yake.