Lori Kuukuu: Kadi Isomwe Kabla ya Kulipa

Mfanyabiashara wa viazi wa Igwachanya anayenunua lori kuukuu la kupeleka mzigo Makambako hununua vitu viwili: chuma na kadi. Kadi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) hutaja namba ya chesisi, namba ya injini, rangi na uzito. Injini au bodi ikibadilishwa, gari likaguliwe na polisi, TRA ijulishwe na kadi irekebishwe. Muuzaji akiruka hatua hiyo, hasara ni ya mnunuzi: uhamisho wa umiliki unaweza kukwama na benki ikakataa dhamana. Chesisi iliyorefushwa ndiyo mbaya zaidi. Mizani, chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, hupima ekseli, haisikilizi maelezo ya fundi. Namba zikitofautiana, muuzaji arekebishe kadi kwanza, ndipo fedha zitoke.