Somo la Familia: Bili ya Gesi na Umeme Wakati wa Baridi



Somo letu la familia la juma hili ni la nyumbani kabisa: ile bahasha ya gesi na umeme. Baridi ya Ohio imeshabisha hodi, na kila mwaka kuna nyumba kati yetu ambayo gesi hukatwa Januari huku waliokaa nayo benchi moja hawajui lolote. Tunaomba baba, mama na watoto wakubwa mlisome pamoja, bili yenyewe ikiwa mezani. Watoto mara nyingi ndio wanaokielewa Kiingereza cha bili kuliko sisi.

Wengi wetu tulizoea kulipa kwanza. Tanzania ni LUKU, Kenya ni tokeni: unanunua yuniti, unaziona zikipungua, zikiisha ni giza. Waliopitia Nyarugusu au Kakuma walipika kwa kuni na mkaa, na fungu likipungua uliliona kwa macho yako. Hapa mambo ni kinyume. Unatumia kwanza, na bili inakuja mwezi ukishapita. Hakuna kitu kinachokuonya katikati. Ndiyo maana bili ya Januari huwashtua watu, hasa waliofika majira ya joto. Kabla ya kusema kampuni imekuibia, angalia mambo mawili kwenye karatasi: umetumia kiasi gani mwezi huu ukilinganisha na mwezi uliopita, na kama mita ilisomwa kweli au namba imekadiriwa tu. Ikiwa imekadiriwa miezi mfululizo, piga simu uombe isomwe.

Pesa inakwenda wapi

Katika nyumba za huku, sehemu kubwa kabisa ya nishati huishia kwenye kupasha nyumba joto, na inayofuata ni maji ya moto. Taa na chaja za simu ni vitu vidogo. Tunawajua wazazi wanaogombeza watoto kwa kuacha balbu moja ya LED ikiwaka, ilhali chini ya mlango wa nyuma kuna mwanya wa kupitisha kidole. Balbu hiyo inakula wati 9 hivi. Hita ndogo ya umeme ya kuweka sakafuni inakula wati 1,500, yaani sawa na balbu zaidi ya 160. Ukiiwasha saa kumi kila siku, kwa mwezi ni yuniti 450. Tuchukulie senti 15 kwa yuniti: hiyo ni dola 67 na nusu kwa hita moja ya chumba kimoja. Kuna familia zenye tatu.

Kwa hiyo anzeni na upepo. Siku yenye upepo, washeni kijiti cha ubani mkipitishe taratibu pembeni mwa madirisha, milango na soketi za ukuta wa nje. Moshi ukiyumba, hapo ndipo joto mlilolilipia linapotokea. Utepe wa sponji wa kubandika kwenye fremu ya mlango, kizuizi cha mpira chini ya mlango, na nailoni ya kufunika dirisha kwa ndani vyote vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya nyumba kwa bei nafuu, na mpangaji anaweza kuvitumia bila kuharibu ukuta. Nailoni ile ukishaibandika, ipulize kwa mashine ya kukaushia nywele hadi ikaze. Kama hela haipo kabisa, blanketi kuukuu lililoviringishwa chini ya mlango linafanya kazi.

Halafu tazameni makochi. Sisi tunapenda sebule ya makochi mengi, na mengi yamekalia yale matundu ya sakafuni yanayotoa hewa ya moto. Mashine inaunguruma usiku kucha kupasha joto tumbo la kochi. Sogezeni. Na chujio la mashine likaguliwe kila mwezi wakati wa baridi. Likijaa vumbi libadilishwe, na kwa vyovyote lisizidi miezi mitatu.

Kuhusu kile kidude cha ukutani cha kupanga joto: kukipandisha hadi 85 hakuifanyi nyumba ipate joto haraka zaidi. Mashine inapuliza kwa kasi ile ile, tofauti ni kwamba haitasimama mapema. Nyuzi 68 za Farenhaiti mchana, mkiwa macho na mmevaa soksi na sweta, zinatosha kwa watu wazima wenye afya. Idara ya Nishati ya Marekani inasema kuishusha nyuzi 7 hadi 10 kwa saa nane kwa siku, kwa mfano mkiwa kazini au mmelala, kunaweza kupunguza gharama ya kupasha na kupoza nyumba kwa hadi asilimia 10 kwa mwaka. Lakini penye mtoto mchanga, mzee au mgonjwa msishushe hivyo. Na hata mkisafiri msizime kabisa wala kushuka chini ya nyuzi 55, maana mabomba ya maji yakiganda yatapasuka, na hiyo ni gharama nyingine kubwa. Tangi la maji ya moto liwekwe nyuzi 120. Mengi huachwa kwenye 140 bila sababu, na maji hayo yanaweza kumuunguza mtoto.

Jambo ambalo haliruhusiwi kamwe

Bili ikitisha, wengine huwasha oveni ya gesi na kuacha mlango wake wazi. Wengine, gesi ikishakatwa, huingiza jiko la mkaa ndani, kama nyumbani. Tusikilizane hapa vizuri. Nyumba zetu za kule zilikuwa na nafasi chini ya bati na madirisha yasiyofunga sawasawa, hewa ilipita. Nyumba za huku zimefungwa, na tukishaziba mianya kama tulivyosema, zimefungwa zaidi. Mkaa na oveni hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Unaumwa kichwa, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unafikiri ni mafua, unalala, huamki. Familia nzima inaweza kufa usiku mmoja. Kila nyumba iwe na king'ora cha gesi hii karibu na vyumba vya kulala, na betri yake ijaribiwe. Kikilia, tokeni nje wote kwanza, ndipo mpige 911.

Msaada wa kulipa

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo wengi huiruka kwa kudhani haiwahusu. Bunge la Marekani lilianzisha mfuko wa kusaidia bili za nishati mwaka 1981, na kila jimbo linaugawa kwa utaratibu wake. Hapa Ohio unaitwa HEAP. Kipimo ni kipato cha kaya kisichozidi asilimia 175 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Neno "umaskini" linawafukuza watu. Lakini hesabuni: kwa mwaka 2025 kiwango hicho kwa watu wanne kilikuwa dola 32,150, kwa hiyo asilimia 175 ni zaidi ya dola 56,000 kwa mwaka. Baba anayefanya kazi ghala la usiku na mama anayefanya nusu siku wanaweza kabisa kuwa ndani ya kipimo hicho, na kadiri watoto wanavyoongezeka ndivyo kipimo kinavyopanda.

HEAP ya kawaida ni malipo ya mara moja kwa msimu wa baridi, yanakwenda moja kwa moja kwenye akaunti yako ya gesi au umeme. Kwa waliokatiwa au waliopewa notisi ya kukatiwa kuna msaada wa dharura unaoanza Novemba 1, na huo unahitaji miadi.

Ulio bora zaidi kwa familia yenye deni ni mpango unaoitwa PIPP. Unalipa asilimia ya kipato chako badala ya kulipa ulichotumia: asilimia 5 kwa gesi na asilimia 5 kwa umeme, au 10 kwa nyumba inayotumia umeme mtupu. Malipo hayashuki chini ya dola 10. Tuseme kaya ina kipato cha dola 1,600 kwa mwezi na deni la zamani la gesi la dola 960. Bili ya gesi ya Januari imekuja dola 210. Familia inalipa 80 tu. Ikilipa zote 80 na kwa tarehe, zile 130 zilizobaki zinafutwa, na juu yake sehemu moja ya 24 ya deni la zamani, yaani dola 40, inafutwa pia. Baada ya malipo 24 ya namna hiyo, deni lote la 960 limekwisha.

Lakini ina masharti. Unalipa kiasi kile kile hata Julai, bili ikiwa dola 35. Ziada inapunguza deni. Ukichelewa hata siku moja, msamaha wa mwezi huo haupo. Kila mwaka lazima upeleke tena uthibitisho wa kipato, na ukisahau unatolewa. Kwa maoni yetu, haya ndiyo yanayowaangusha watu wetu kuliko ukosefu wa pesa: barua ya kukumbusha inafika, haisomwi, inawekwa juu ya friji.

Fomu ya HEAP, ya PIPP, na ya ule mpango wa kukarabati nyumba isipoteze joto ni moja. Ukarabati huo ni bure kwa wanaostahili: wanaweka vizuizi vya joto darini, wanaziba nyufa, wanakagua mashine. Mpangaji anaweza kuomba, ila mwenye nyumba lazima akubali kwa maandishi. Mahali pa kupeleka fomu ni shirika la maendeleo ya jamii la kaunti yenu. Columbus ni IMPACT Community Action. Dayton ni Miami Valley Community Action Partnership. Mkiwa kaunti nyingine, pigeni 211. Bebeni uthibitisho wa kipato cha kila mtu mzima, hati za uraia au za uhamiaji za wote walio nyumbani, na bili zote mbili.

Wapo wanaoogopa kwamba kuomba kutaharibu kadi ya kijani. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wametolewa na sheria yenyewe katika kile kipimo cha "kuwa mzigo kwa serikali". Wenye hadhi nyingine wamuulize mwanasheria wa uhamiaji, si binamu wa WhatsApp, kwa sababu kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara.

Kijana mwenye kitambulisho shingoni

Ohio inaruhusu makampuni mengine kukuuzia gesi na umeme kupitia nyaya na mabomba yale yale. Kwa hiyo huja vijana mlangoni wakisema wametoka "kampuni ya umeme" na wanataka kuona bili yako. Wanachotaka ni namba ya akaunti. Bei ya kwanza inaweza kuwa ndogo, kisha mkataba unageuka kuwa wa bei inayopanda. Msimwonyeshe mtu bili mlangoni. Kwenye bili ya umeme imeandikwa bei ya kulinganishia. Anayeuza juu ya hiyo hana faida kwenu. Kama mlishasaini, mtapata barua ya kuthibitisha kutoka kampuni yenu ya kawaida, na mna siku saba tangu tarehe ya posta kufuta bila adhabu.

Notisi ikiwa imeshafika

Usiifiche. Wapo akina baba wanaoificha mke asijue, hadi siku mafundi wanapofunga mita. Piga simu kabla ya tarehe iliyoandikwa, uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kila msimu wa baridi tume ya jimbo inayosimamia makampuni haya, PUCO, hutoa amri inayokuruhusu, mara moja kwa msimu, kulipa dola 175 ili usikatwe au urudishiwe huduma hata kama unadaiwa zaidi. Ukishakatwa kuna ada ndogo ya kurudishiwa juu yake, na salio linaingia kwenye mpango wa malipo. Kama nyumbani kuna mtu ambaye kukatwa kutahatarisha afya yake, mwombe daktari wake asaini fomu ya kampuni: inazuia kukatwa kwa siku 30, na inaweza kutumika mara tatu kwa mwaka. Deni linabaki, lakini umepata muda wa kwenda kuomba PIPP. Kampuni ikikataa, simu ya PUCO ni 1-800-686-7826.

Kwa wapangaji ambao tatizo ni mashine mbovu: sheria ya Ohio inamtaka mwenye nyumba aitunze mifumo ya joto aliyoiweka, na hana ruhusa ya kukukatia gesi ili uhame. Mwandikie barua, ubaki na nakala. Asipotengeneza, usiache tu kulipa kodi, maana utafukuzwa. Kuna utaratibu wa kuiweka kodi mahakamani, kwa karani, na unatakiwa uwe hudaiwi.

Kiingereza kisiwe kizuizi. Mashirika yanayopokea fedha za serikali kuu yanatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo, na hupaswi kumtoa mtoto shuleni akutafsirie. Mtu akipokea simu sema neno moja, "Swahili", kisha subiri kwenye laini. Huchukua dakika kadhaa. Usikate.