Masomo Mangapi Yanatosha? Kwa Wanaoanza Kidato cha Tatu

Kila mwaka, kijana akishafaulu mtihani wa Kidato cha Pili na kurudi seminarini, anakutana na karatasi ya kuchagua masomo. Wengi huijaza kwa dakika tano. Wengine huchungulia jirani amejaza nini. Na wapo wanaodhani kwamba cheti chenye masomo mengi ndicho kinachopendeza, basi wanajaza yote kumi. Katika somo hili tunapenda tulitazame jambo hili polepole, kwa sababu uzito wake huonekana miaka miwili baadaye, wakati hakuna tena nafasi ya kufuta.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mtahiniwa wa shule hufanya masomo yasiyopungua saba. Katika mtaala ambao kaka zenu wameusoma kwa miaka mingi, saba hayo ni ya lazima: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. (Walio chini ya mtaala ulioboreshwa wana orodha nyingine; wakamwone mwalimu wa taaluma.) Juu ya hayo huongezwa Fizikia na Kemia, au Biashara, au Fasihi ya Kiingereza, na kwetu seminarini mara nyingi Maarifa ya Biblia.

Lakini daraja halipatikani kwa masomo yote. Baraza la Mitihani huchukua saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu. Kwa hiyo aliyefanya masomo kumi akapata C kumi ana pointi 21, daraja la pili la mwisho mwisho. Mwenzake mwenye masomo manane, akapata A mbili, B tatu, C mbili na F ya Hisabati, ana pointi 14. Zile C tatu za ziada za yule wa kwanza hazikumwongezea kitu.

Je, basi tuchukue saba tu? Hapana, na sababu ni Hisabati. Tunajua wote jinsi somo hili linavyowaangusha vijana. Mwenye masomo saba kamili hana pa kukimbilia: F yake inahesabiwa. Tuchukulie amepata B moja, C tano na F moja. Hizo ni pointi 22, daraja la tatu. Angekuwa na somo la nane lenye C, ile F ingeachwa nje, naye angebaki na 20, daraja la pili. Somo la nane au la tisa ni akiba. La kumi nalo ni akiba, ila akiba hiyo inalipiwa kwa muda, na muda wetu unajulikana: Misa, masomo, kazi za mikono, michezo, sala ya jioni, prepu. Mwenye saa kumi za prepu kwa wiki na masomo kumi ana saa moja kwa kila somo, na humo humo kuna mazoezi ya Hisabati na maandalizi ya mitihani ya vitendo. Mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka alitakiwa kuketi kwanza na kupiga hesabu ya gharama. Hata huyu aketi.

Kwa wengi wetu, tunaona, tisa yanatosha, na manane si aibu.

Hata hivyo idadi peke yake haitoshi. Kuna kishawishi kinachoshambulia seminari kuliko shule nyingine: kijana anaacha Fizikia na Kemia kwa kusema, "Mimi nitakuwa padre, za nini?" Tunamheshimu kwa nia yake. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya malezi ya kipadre *Optatam Totius* ya mwaka 1965, uliagiza kwamba masomo ya seminari ndogo yapangwe ili mwanafunzi aweze kuyaendeleza mahali pengine bila shida, akichagua maisha mengine. Mababa wa Mtaguso walijua kwamba si kila aingiaye hufika altareni. Kijana akigundua katika Kidato cha Nne kwamba Mungu anamwita awe tabibu, atakuta stashahada ya utabibu inadai ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia. Hata D ingemfungulia mlango, ila somo ambalo hukulifanya halina hata D. (Sheria za urithi tunazosoma katika Biolojia zilivumbuliwa na Mendel, padre na mtawa, ambaye kwa njia alishindwa mtihani wa ualimu mwaka 1850. Sayansi na altare havijawahi kugombana kiasi tunachosikia vijiweni.)

Kuhusu Maarifa ya Biblia tuseme wazi. Kuingia Kidato cha Tano kunahitaji angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini. Anayelichukua kama kimbilio la kupata alama atajikuta halimsaidii pale. Alichukue anayetaka kuyajua Maandiko.

Tena tutazame mbele kidogo. Kidato cha Tano kina masomo makuu matatu tu ya tahasusi, na kwa baadhi ya tahasusi Hisabati ya msingi. Anayetamani PCB au HGL ayatie alama yale matatu kwanza kwenye karatasi yake, ayape prepu nzuri zaidi, kisha ndipo aulize kuhusu la tisa.

Mwisho, kabla ya kurudisha karatasi, nenda kwa mwalimu wa taaluma ukiwa na matokeo yako ya Kidato cha Pili mkononi, kisha kwa padre mlezi wako. Na kama baba nyumbani anataka yote kumi, mwandikie au mweleze siku ya wazazi, kwa heshima, ukimwonyesha hesabu hizi za pointi. Wazazi wengi hawajaelezwa kwamba yanahesabiwa saba.