KIDARI CHA KUKU NA CHOKOLETI NYEUSI: KIPI KINA FAIDA ZAIDI MWILINI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Katika makala haya nataka tupambanue jambo moja ambalo huzua ubishi mkali hapa shuleni saa za mapumziko. Kuna wenzetu wanaodai kwamba chokoleti nyeusi ina faida kuliko nyama ya kuku, eti kwa sababu ina madini mengi ya chuma na huongeza damu. Wengine nao husema, "Wacha hizo, kuku ni kuku!" Basi badala ya kupigiana kelele, hebu tuchukue kalamu na karatasi tupige hesabu.

Kwanza tuvijue vyakula vyenyewe. Kuku hana haja ya kuelezwa kwa watu wa Lwakhakha. Upande huu wa mto na hata ng'ambo Uganda, mgeni akija, engokho ndiye huitwa chunguni. Wahenga hawakukosea waliposema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kidari ni ile nyama nyeupe ya kifuani.

Chokoleti nayo hutengenezwa kwa mbegu za mkakao. Usidhani huu ni mti wa Ulaya. Asili yake ni bara la Amerika, lakini siku hizi unalimwa hata karibu nasi: Bundibugyo nchini Uganda, Kyela nchini Tanzania, na Beni mashariki mwa Kongo. Mbegu hutolewa ndani ya tunda, huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, hukaushwa, hukaangwa na kusagwa, kisha sukari huongezwa. Ukiona chokoleti imeandikwa asilimia 70, ujue kwamba gramu 70 katika kila gramu 100 zimetoka kwa kakao. Zinazobaki, sehemu kubwa ni sukari.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Takwimu zifuatazo ni za kukadiria, kwa gramu 100 za kila chakula.

Kidari cha kuku kilichopikwa bila ngozi:
Nishati – kilokalori 165
Protini – gramu 31
Mafuta – gramu 4
Sukari – hakuna
Madini ya chuma – miligramu 1

Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 hadi 85:
Nishati – kilokalori 600
Protini – gramu 8
Mafuta – gramu 43
Sukari – gramu 24
Madini ya chuma – miligramu 12

Bila shaka mnakumbuka tulivyofundishwa tangu shule ya msingi kwamba kuna vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Tukitumia kipimo hicho, kidari ni chakula cha kujenga mwili. Chokoleti ni ya kutia nguvu, na nguvu hizo hutoka kwa mafuta na sukari. Kwa hivyo kuvishindanisha hivi viwili ni sawa na kumshindanisha fundi wa kujenga na mwuza makaa. Kila mmoja ana kazi yake.

Hata hivyo, tuseme mtu mbishi ameamua kupata protini ya kidari kwa kula chokoleti. Atahitaji gramu ngapi? Gawanya 31 kwa 8, utapata karibu 4. Yaani itambidi ale gramu 400 za chokoleti. Hapo atakuwa amemeza kilokalori 2,400, ambazo zinaweza kumtosha mtu mzima kutwa nzima, pamoja na gramu 96 za sukari. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4 za sukari, kwa hivyo hivyo ni vijiko 24! Jamani, nani hutia vijiko 24 kwenye chai yake?

Tuje kwa lile suala la damu. Ni kweli, chokoleti ina chuma mara 12 kuliko kidari. Hapo watetezi wake hawakusema uongo. Lakini kuna jambo ambalo takwimu peke yake haielezi. Chuma kinachoingia kinywani si chote kinachoingia kwenye damu. Sehemu ya chuma kilichomo katika nyama hupokelewa na mwili kwa urahisi. Chuma cha mimea hupokelewa kwa shida, na kakao ina vitu vya jamii moja na vile vilivyomo katika majani ya chai, ambavyo hukishika chuma kisipite. Ndiyo maana tunashauriwa tusinywe chai pamoja na chakula, bali tungoje kama saa moja. Kinyume chake, chungwa, limau au nyanya husaidia. Hata kipande kidogo cha nyama kikiliwa pamoja na maharagwe huufanya mwili upokee vizuri zaidi chuma cha maharagwe hayo.

Isitoshe, kuku si kidari tu. Maini yake yaliyopikwa yana karibu miligramu 12 za chuma katika gramu 100, sawa na chokoleti, na bila kile kikwazo cha kakao. Firigisi pia inakishinda kidari. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo!

Hapa ndipo ningependa wasomaji watulie kidogo. Zamani katika jamii nyingi za Waluhya, wanawake walikatazwa kula kuku na mayai. Kukhu hutuambia, "Sisi, mjukuu wangu, tulifuga, tukachinjisha, tukapika, halafu tukanusa mchuzi." Mwiko huo umelegea, lakini katika maboma mengi firigisi ingali ya mzee, kidari ni cha mgeni, na wasichana huambulia shingo na miguu. Sasa tazama: vitabu vya lishe vya Marekani husema msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, na mvulana wa umri huo miligramu 11. Msichana anahitaji zaidi kwa sababu hupoteza damu kila mwezi. Yaani anayehitaji zaidi ndiye anayepewa kidogo! Simwambii mtu amnyang'anye babake firigisi. Heshima ni kitu cha utu. Lakini maini yakigawanywa kwa watoto, wasichana wakiwemo, heshima ya mzee itapungua wapi?

Sasa kuna wale watakaoniuliza, "Na sisi wa shule ya kutwa, tunaotoka nyumbani asubuhi na mapema, tutapata wapi kuku kila siku, au hiyo chokoleti?" Swali zuri. Chokoleti nyeusi halisi si rahisi kuipata katika vioski vyetu. Nyingi ya zile tunazouziwa ni tamutamu tu. Soma karatasi yake: orodha ya viungo huanza na kile kilicho kingi zaidi kwa uzito. Ukiona sukari iko mbele, hiyo ni peremende iliyovaa koti la kahawia.

Badala yake, tazama njugu karanga. Gramu 30, yaani kiganja kimoja, zina kilokalori kama 170 na protini karibu gramu 8. Gramu 30 za chokoleti nyeusi zina kilokalori 180 lakini protini gramu 2 na nusu hivi. Nguvu karibu sawa, protini mara tatu! Ongeza yai moja lenye gramu 6 za protini, maharagwe, omena na mboga za kienyeji, na utaona kwamba sokoni kwetu hatujapungukiwa.

Kwa kumalizia, chokoleti nyeusi si sumu. Kipande kidogo ni burudani, na kina nyuzinyuzi na madini ya magnesiamu kuliko kidari. Lakini atakayeila akitaka kujenga misuli au kuongeza damu atakuwa anatwanga maji kwenye kinu.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Mwanafunzi amekula gramu 50 za chokoleti nyeusi. Amepata gramu ngapi za protini, na ngapi za sukari?
2. Kwa nini miligramu 12 za chuma katika chokoleti si sawa na miligramu 12 katika maini ya kuku?
3. Nyumbani kwenu kuku akichinjwa, nani hupewa maini? Jadilini kwa utaratibu, bila kumkosea mzazi adabu.