Tone la Damu na Mashine ya Sukari

Munganga akichoma kidole, huweka tone la damu juu ya kikaratasi cha mashine. Ndani ya kikaratasi mna elektrodi, ndizo njia nyembamba za umeme, zilizopakwa kimeng'enya. Kimeng'enya hicho kikikutana na sukari, umeme kidogo sana hupita, na mashine huupima. Clark na Lyons wa Marekani walieleza njia hii mwaka 1962. (Nawa kidole kwanza, utamu wa embe nao hupimwa!)

Lakini damu si maji. Imejaa chembe nyekundu zilizo hai, nazo huzuia sukari isifike upesi kwenye elektrodi. Mashine nyingi zimepangwa kwa damu yenye chembe za kutosha. Chembe zikiwa chache, sukari hufika kwa wingi, na mashine huonyesha hesabu kubwa kuliko ile ya kweli. Basi mtoto wa Bukavu aliyepungukiwa damu kwa sababu ya malaria aweza kuonyeshwa sukari ya kutosha, kumbe inamwishia. Mama, mtoto akilegea, akitoka jasho la baridi, au akishindwa kunyonya, usitulizwe na hesabu ile. Mwambie munganga upesi ya kuwa damu yake ni chache.