Nani Huamua Gari Lipite Wapi Msituni?

Makomredi, tukisikia "ushirikishwaji wa umma" wengi wetu huona picha ileile: hema, viti vya plastiki, maji ya chupa, afisa anasoma hotuba, na karatasi ya kutia sahihi inazungushwa. Muhula huu, katika somo la sera za mazingira, nilisoma jinsi Wamarekani wanavyoamua magari yapite wapi katika misitu yao ya umma. Kesi hiyo iliniletea swali ambalo sisi huwa hatuulizi: maoni yanakusanywa kabla ya nini, na baada ya nini?

Misitu ya taifa ya Marekani ni 154. Ukijumlisha na nyika zinazosimamiwa na Idara hiyohiyo ya Misitu, eneo lote ni takriban hekta milioni 78, na ni mali ya umma. Watu huenda huko kutembea, kuwinda, kuvua, kuokota kuni. Wengine huenda kuendesha tu: pikipiki za kawaida, pikipiki za magurudumu manne, magari makubwa ya kupanda mawe, na wakati wa baridi pikipiki za theluji. Ni raha yao, na ni haki yao kama raia wengine. Shida ni kwamba gurudumu likitoka barabarani linashindilia udongo, mvua inafuata alama ya tairi, mfereji unachimbika, na tope lote linaishia kijitoni kwenye mayai ya samaki.

Mwaka 1972 Rais Richard Nixon (ndiyo, yuleyule wa Watergate) alitoa Amri ya Rais namba 11644. Iliziagiza idara zenye ardhi ya umma kuteua wapi magari haya yaruhusiwe na wapi yasiruhusiwe, wananchi wakishirikishwa, na njia ziteuliwe kwa namna ya kupunguza madhara kwa udongo, maji, mimea na wanyama, pamoja na ugomvi kati ya waendeshaji na watumiaji wengine. Carter akaikaza mwaka 1977. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya misitu hiyo mtu aliweza kuacha barabara na kupita apendapo, mpaka ilipotoka kanuni ya 2005. Hiyo iligeuza mambo. Zamani palikuwa wazi isipokuwa palipofungwa. Sasa pamefungwa isipokuwa palipo kwenye ramani. Njia isipokuwa kwenye ramani, hata kama hakuna kibao, kupita na gari ni kosa. Kwa hiyo vita vyote vikahamia kwenye ramani.

Hapa ndipo pana mambo. Ramani haikuanza na karatasi tupu. Msituni tayari kulikuwa na njia nyingi ambazo hakuna mhandisi aliyezipanga. Zilizaliwa kwa mtu mmoja kupita, wa pili akafuata, wa kumi akaiita barabara. Kanuni iliruhusu njia kama hizo zifikiriwe kuingizwa kwenye ramani. Sasa fikiria mkutano wa maoni. Mwendeshaji anakuja kutetea njia ambayo ipo, ina jina la utani, watoto wake wanaijua. Mpenda utulivu anakuja kupinga kitu ambacho kimeshachimbwa ardhini. Gurudumu lilipiga kura kabla ya mkutano kuitishwa. Kwa maoni yangu huu ndio upungufu mkubwa kuliko yote katika mpango huu, kuliko hata uchache wa walinzi.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Baadhi ya njia hizo familia zimezitumia miaka na miaka, na yupo mzee ambaye bila gari hafiki tena mahali alipokuwa akiwinda. Kuifuta njia yake kwa kalamu ukiwa ofisini nako ni dhuluma. Ndiyo maana naona kipengele chenye busara zaidi ni kile kinachoruhusu njia ifunguliwe kwa aina fulani tu ya chombo, au kwa majira fulani tu ya mwaka.

Jambo lingine: maoni si kura. Idara haihesabu mikono. Tuseme watu elfu moja wametuma ujumbe uleule, "Msifunge msitu wetu," na mtu mmoja ameandika kwamba njia fulani inavuka kijito mara tatu, kwamba mwezi Mei kingo zake ni tope, na kwamba kuna njia ya juu yenye mawe inayofika palepale. Huyo mmoja ameipa idara kitu cha kujibu. Tena, kanuni za pingamizi za 2013 ziliweka kwamba kwa kawaida anayeweza kupinga uamuzi ni yule aliyeandika maoni mahususi kwa wakati. Ukinyamaza mapema, baadaye huna mlango.

Ila utaandikaje maoni mahususi kama hujapewa taarifa? Swali hili lilifika mahakamani kuhusu msitu wa Beaverhead-Deerlodge, jimboni Montana, ambako pikipiki za theluji ziliruhusiwa katika maeneo makubwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilisema idara haikuwaonyesha wananchi vya kutosha taarifa ilizotegemea kuhusu maeneo ambayo wanyama wakubwa huishi majira ya baridi. Ikasema pia kwamba haitoshi kudai madhara "yamezingatiwa". Lazima ionekane yalipunguzwaje katika kila eneo lililofunguliwa. Nilisoma hapo mara mbili. Yaani kumwita mtu mkutanini bila kumwonyesha data si kumshirikisha.

Kwetu Kenya, Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali ihimize ushiriki wa umma katika kusimamia na kuhifadhi mazingira, na Sheria ya Misitu ya 2016 inavitambua vyama vya misitu vya jamii. Wala mwenye gari si adui wa msitu kila mara: Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini yaliyoanza 1989, ndiyo yaliyochangisha pesa nyingi za uzio wa Aberdare. Kwa hiyo siku notisi ikitoka kuhusu njia katika msitu ulio karibu nawe, usianze na hashtegi. Omba ramani ya sasa na ile inayopendekezwa, uziweke pamoja, uangalie njia zipi zimeongezeka na nani alizianzisha. Kisha ingia msituni kwa miguu, wakati wa mvua, na daftari, kabla tarehe ya mwisho haijapita.